Maikrofoni Mbele ya Kinywa: Historia Fupi ya Chombo cha Kunasia Matamshi

Herufi za Kirumi zinazotumika kuandikia Kiswahili Sanifu zimekifaa Kiswahili sana, kwa kuwa ni chache, zajifunzika upesi, na kila moja karibu yashika sauti yake. Lakini kuna jambo ambalo tahajia hiyo iliamua kulinyamazia. Msomaji akikuta neno "tembo" limeandikwa peke yake, hana njia ya kujua kama ni mnyama au kinywaji kitokacho mnazini. Wala akikuta "paa" hajui kama ni la nyumba au ni wa porini. Wala akikuta "kaa" hajui kama ni la moto au ni wa pwani. Mtu wa Mombasa au wa Lamu aliyelelewa katika lahaja ya kwao hana shaka hiyo anaposikia. Mnyama tembo, mnyama paa na kaa wa pwani hutamkwa kwa mpumuo, yaani pumzi hutoka pamoja na konsonanti ya mwanzo. Hayo mengine hayana mpumuo. Sababu yake ni ya kale: majina ya ngeli ya N yalikuwa na king'ong'o mbele ya konsonanti, king'ong'o kikaanguka, kikaacha pumzi mahali pake. Padri Charles Sacleux aliionyesha tofauti hiyo kwa alama katika kamusi yake kubwa ya Kiswahili na Kifaransa iliyotoka mwaka 1939. Tahajia Sanifu haikuionyesha.

Basi, mahali ambapo maandishi yamenyamaza, shahidi aliyebaki ni sauti yenyewe. Na mtu mwenye sauti hiyo akiisha kuondoka, shahidi ni sauti iliyonaswa. Kwa ajili hiyo habari ya chombo cha kunasia si habari ya mafundi wa umeme peke yao. Chombo kikiwa kizito wa kusikia, mpumuo haunaswi, na mchunguzi wa miaka hamsini ijayo atasema kwa haki kabisa kwamba hakuusikia. Makala hii yafuata historia ya maikrofoni tangu ilipokuwa haijapatikana hata ilipokuwa kitu kidogo cha kuvaliwa kichwani na kuchomekwa katika kompyuta ya mpakato, ili kuonyesha kila hatua ilileta nini na ilipoteza nini kwa upande wa matamshi.

I. Zama za baragumu

Thomas Edison alitengeneza fonografu mwaka 1877. Chombo hicho hakikuwa na umeme. Msemaji aliweka kinywa chake katika baragumu, sauti ikatikisa utando mwembamba, na utando ukaendesha sindano iliyochora mfuo katika bati laini, na baadaye katika mtungi wa nta. Kwa vyombo vya namna hii ndipo zilipoanzishwa hazina za kwanza za sauti za dunia: ile ya Vienna mwaka 1899, na ile ya Berlin mwaka 1900 chini ya Carl Stumpf. Sauti nyingi za Afrika zilizonaswa mwanzoni mwa karne ya 20 zilinaswa kwa baragumu.

Walakini, baragumu lilikuwa na mipaka yake. Nguvu yote ya kuchora mfuo ilitoka katika pumzi ya msemaji mwenyewe, kwa hiyo sauti hafifu haikuwa na nguvu ya kuisukuma sindano. Sauti zenye mitetemo zaidi ya 2,500 hivi kwa sekunde hazikuandikwa vema. Irabu zilipita, kwa kuwa nguvu zake nyingi zi chini ya mpaka huo. Lakini "s" ina nguvu zake zaidi katika mitetemo ya juu ya 4,000 kwa sekunde, hivyo katika mitungi ya nta aghalabu haisikiki ila kama pengo. Mpumuo wa "t" au wa "k", ulio pumzi fupi isiyo na sauti ya koo, ulipotea pamoja nayo. Msikilizaji wa leo anayetafuta mpumuo katika mtungi wa nta hawezi kuhukumu kwamba msemaji hakuwa nao. Aweza kusema tu kwamba chombo hakikuuandika.

II. Mkaa na waya

Neno "maikrofoni" ni kongwe kuliko kitu chenyewe tukijuacho leo. Mwingereza Charles Wheatstone alilitumia mwaka 1827 kwa ajili ya kifaa cha kusikilizia sauti ndogo, kisichokuwa na umeme. Ilipopatikana simu mwaka 1876 kwa kazi ya Alexander Graham Bell, kilihitajika chombo cha kugeuza mitikisiko ya sauti kuwa mikondo ya umeme yenye nguvu ya kwenda mbali. Emile Berliner na Edison walilishughulikia jambo hilo mwaka 1877, na David Edward Hughes akaonyesha huko London mwaka 1878 jinsi vipande vya mkaa vilivyogusana kwa ulegevu vinavyoongeza na kupunguza umeme kwa kadiri sauti inavyovitikisa. Mwaka uo huo Henry Hunnings akatumia chembe nyingi za mkaa badala ya vipande, na kwa muda wa miaka karibu mia moja simu za dunia zilisemewa katika chembe za mkaa.

Mkaa ulikuwa na faida moja kubwa: ulitoa umeme wenye nguvu kuliko sauti iliouingia. Lakini ulikuwa na makelele yake wenyewe, na sauti yake ilikuwa ya kukwaruza. Tena waya za simu zilipangiwa kupitisha mitetemo kati ya 300 na 3,400 hivi kwa sekunde, kwa kuwa hiyo yatosha watu kufahamiana. Ni kweli kwamba watu hufahamiana. Lakini hufahamiana kwa msaada wa maana. Mtu akiambiwa kwa simu "saa imefika" hataidhani kuwa ni "faa", kwa sababu sentensi yamwongoza. Akiambiwa neno moja tu lisilo na jirani, kama vile jina la mtu au la kijiji, huomba lirudiwe, au litajwe herufi moja moja. Tofauti ya "s" na "f" imeachwa nje ya waya. Kipimo cha simu ni kipimo cha kufahamiana, wala si kipimo cha kuchunguza lugha. Jambo hili yapasa likumbukwe, kwa kuwa litarudi tena katika habari za karne ya 21.

Njia nyingine ilifunguliwa na E. C. Wente huko Marekani mwaka 1916. Yeye aliweka utando mwembamba wa chuma karibu sana na bamba lingine, akavitia umeme; utando ulipotikisika, nafasi kati yao ilibadilika, na umeme ukabadilika pamoja nayo. Chombo hiki kilisikia sauti za juu na za chini kwa usawa ambao mkaa haukuuweza kamwe. Mwaka 1925 makampuni makubwa ya santuri yalianza kuacha baragumu na kushika maikrofoni. Siti binti Saad aliposafiri kutoka Unguja kwenda Bombay mwaka 1928 kuimba kwa ajili ya sahani za santuri, mabadiliko hayo yalikuwa yamekwisha kuenea. Hivyo Kiswahili cha kuimbwa kiliingia sokoni kikiwa na bahati ambayo Kiswahili cha kusemwa kwenye mitungi ya nta hakikuwa nayo.

Redio ilifuata. Katika mwaka 1951 Dar es Salaam ilianza kutangaza kwa sauti yake yenyewe, na Idhaa ya Kiswahili ya BBC ikaanza tarehe 27 Juni 1957. Mtangazaji alikaa katika chumba kilichozibwa mwangwi, maikrofoni nzito ikiwa mbele yake juu ya meza au ikining'inia, naye akajifunza kutosogea wala kugeuza uso. Huko nje ya vyumba hivyo, Hugh Tracey alizunguka Afrika Mashariki katika safari za mwaka 1950 na 1952 akinasa ngoma na nyimbo, akiishika maikrofoni kwa mkono na kuisogeza karibu na chanzo cha sauti aliyoitaka. Mambo haya mawili, chumba na mkono, yaonyesha shida moja: maikrofoni ilikuwa imesimama mahali pake, na kinywa cha mtu hakisimami.

III. Maikrofoni yavalishwa kichwani

Ufumbuzi wa shida hiyo ulikuwa umekwisha kuanza zamani, si kwa wanazuoni bali kwa wafanyakazi wa simu. Emma Nutt alipoingia kazini huko Boston tarehe 1 Septemba 1878, akawa mwanamke wa kwanza wa kuunganisha simu, kazi hiyo ilitaka mikono miwili ya kuchomeka na kuchomoa waya. Mtu asiyekuwa na mkono wa kushikia chombo sharti akivae. Basi, wafanyakazi hao wakavaa kifuani maikrofoni yenye baragumu dogo lililoelekea kinywani, na sikioni kisikilizio kilichoshikwa na utepe wa chuma juu ya kichwa.

Mwaka 1910 Nathaniel Baldwin, mtu wa Utah, alitengeneza visikilizio viwili vya masikio vilivyounganishwa kwa utepe mmoja, akavifanyia kazi jikoni kwake, na jeshi la wanamaji la Marekani likavinunua kwa ajili ya wasikilizaji wa redio. Hizo ndizo zilizozaa hedifoni za leo. Vita Kuu ya Pili ikaongeza jambo jingine. Rubani katika ndege yenye makelele hakuweza kusikika kwa maikrofoni ya kawaida. Akafungiwa maikrofoni kooni, au ndani ya kifuniko cha hewa, au mbele kabisa ya midomo. Ndipo ikaendelezwa maikrofoni yenye matundu pande zote mbili za utando. Makelele yatokayo mbali hufika pande zote mbili kwa nguvu karibu sawa, yakajifuta yenyewe. Sauti ya kinywa kilicho karibu hufika upande mmoja kwa nguvu zaidi, ikabaki.

Katika mwaka 1961 ilianzishwa huko California kampuni ya Plantronics, ambayo ilitengeneza hedifoni nyepesi yenye kijiti chembamba kilichofikia pembe ya kinywa. Marubani waliipenda, na wanaanga wakaitumia. Maneno ya Neil Armstrong aliyoyasema mwezini mwaka 1969 yalipita katika chombo cha kampuni hiyo. Sifa iliyowavutia watu hao ndiyo hiyo impasayo mchunguzi wa matamshi: kichwa kikigeuka, maikrofoni nayo hugeuka, umbali kati yake na kinywa haubadiliki.

Yafaa kueleza kwa hesabu kwa nini jambo hilo ni kubwa. Umbali kati ya kinywa na maikrofoni ukizidishwa mara mbili, sauti iendayo moja kwa moja hupungua kwa desibeli 6. Maikrofoni iliyo sentimita 50 kutoka kinywani, kama zilivyo aghalabu zile zilizojengwa ndani ya kompyuta, hupokea sauti iliyopungua kwa desibeli 20 kuliko ile iliyo sentimita 5. Yaani msukumo wa hewa ni sehemu moja ya kumi. Lakini mwangwi wa ukuta, makelele ya feni, magari ya njiani na jogoo wa jirani hayapungui pamoja nayo. Hivyo sauti hafifu, ambazo ni mpumuo, "h", "f" na "th", ndizo zinazozama kwanza. Irabu huelea juu, na msikilizaji akiisikia irabu hudhani kwamba amelisikia neno lote.

IV. Utando uliojaa umeme

Maikrofoni ya Wente ilikuwa nzuri, lakini ilitaka umeme mwingi wa kuutia utando nguvu, na ilikuwa ghali. Mwaka 1962 Gerhard Sessler na James West, katika maabara za Bell huko Marekani, walitumia utando wa plastiki uliotiwa umeme mara moja na kuushika kwa miaka mingi. Chombo cha namna hiyo, kiitwacho elektreti, hakihitaji umeme ila kidogo tu kwa ajili ya kikuza sauti kilichomo ndani yake. Kilikuwa rahisi kutengenezwa kwa maelfu, na kwa udogo wake kikaweza kukaa ncha ya kijiti cha hedifoni. James West alikuwa mmoja wa wanasayansi weusi wachache wa zama zake katika maabara hizo, na katika miongo iliyofuata sehemu kubwa sana ya maikrofoni zilizotengenezwa duniani zilifuata kanuni aliyoisimamisha na mwenzake.

Umeme huo kidogo ndio uliokuja kuwa chanzo cha matatizo mengi. Tundu la maikrofoni la kompyuta hutoa volti chache kwa ajili ya kuilisha elektreti. Maikrofoni ya jukwaani iendeshwayo kwa sumaku haihitaji umeme huo, wala sauti yake haina nguvu ya kulitosha tundu hilo; na maikrofoni ya studio huhitaji volti 48, ambazo tundu hilo halina. Mtu akizichomeka kwa kulazimisha, kwa kuwa plagi imeingia, hupata sauti hafifu yenye mvumo au hapati kitu. Plagi kuingia si ushahidi kwamba vitu viwili vimepatana.

V. Kompyuta ya mpakato

Kompyuta zilianza kupokea sauti kwa wingi mwishoni mwa miaka ya 1980 na katika miaka ya 1990. Zile za mezani zilikuwa na matundu mawili mbalimbali, la kusikilizia na la kusemea, na kanuni ya mwaka 1999 ikaagiza la kusemea liwe la rangi ya waridi na la kusikilizia liwe la kijani. Mwaka 1997 ilitoka programu ya Dragon NaturallySpeaking iliyoandika Kiingereza kwa kusikia mtu akisema mfululizo, na kasha lake liliuzwa likiwa na hedifoni yenye maikrofoni ndani. Watengenezaji walikwisha kujua kwamba programu haiwezi kuwa hodari kuliko sauti inayoipokea, na hawakutaka kumwachia mnunuzi achague maikrofoni. Skype nayo ilipoanza mwaka 2003, ikadumu hata ilipofungwa mwaka 2025, ilizoesha watu wengi duniani kuvaa hedifoni mbele ya kompyuta.

Kompyuta ya mpakato ilileta shida zake. Ndani ya kasha moja jembamba mna feni, mna kibodi, mna mikondo ya umeme ya kila namna, na maikrofoni ya ndani yakaa katikati ya hayo yote. Kila herufi ichapwayo huigonga. Chaja nayo ikiwa imechomekwa ukutani, mvumo wa umeme wa mitetemo 50 kwa sekunde waweza kuingia katika sauti kupitia tundu la maikrofoni. Mara nyingi chaja ikiondolewa, mvumo hukoma.

Kisha matundu mawili yakawa moja. Simu za mkononi zilikuja na plagi ndogo ya milimita 3.5 yenye sehemu nne: mbili za masikio, moja ya maikrofoni, na moja ya kurudishia umeme. Plagi ya zamani ina sehemu tatu. Kwa macho zafanana, na zote huingia. Lakini hedifoni ya sehemu nne ikichomekwa katika tundu la kusemea lililofanywa kwa sehemu tatu, aghalabu maikrofoni yake haigusi mahali pake. Na hedifoni ya sehemu tatu, isiyo na maikrofoni kabisa, huingia katika tundu la sehemu nne. Tena aghalabu kompyuta haisemi neno. Huendelea kunasa kwa maikrofoni yake ya ndani, mstari wa sauti ukichezacheza kiooni, na mchunguzi akidhani kwamba mzee aliyevaa hedifoni ananaswa kutoka pembe ya kinywa chake. Kosa hili halijulikani ila nyumbani, wakati msemaji yu mbali. Dawa yake ni nyepesi: kabla ya kuanza, ikwaruzwe polepole maikrofoni ya hedifoni kwa ukucha, kisha likwaruzwe kasha la kompyuta. Mkwaruzo uliosikika kwa nguvu zaidi ndio utakaosema ni maikrofoni gani inayofanya kazi.

Njia ya pili ni ile ya waya wa USB. Kanuni ya USB ilitoka mwaka 1996, na kanuni ya kupitisha sauti kwa waya huo ikafuata mwaka 1998. Tofauti yake na plagi ndogo si ya umbo tu. Katika plagi ndogo, sauti huingia ndani ya kompyuta ikiwa umeme hafifu, na hugeuzwa kuwa tarakimu humo ndani, katikati ya makelele. Katika USB, kugeuzwa huko hufanyika nje, katika hedifoni yenyewe au katika kijisanduku cha waya wake. Kiingiacho katika kompyuta ni tarakimu tayari. Kwa mchunguzi asiye na uwezo wa kununua vyombo vya studio, hatua hii imekuwa na faida kubwa.

Njia ya tatu haina waya, nayo ndiyo ya kuogopwa. Hedifoni za Bluetooth hupiga muziki vizuri. Lakini mara maikrofoni yake inapofunguliwa, aghalabu chombo hurudi katika mwendo wa simu. Katika mwendo wa kwanza sauti ilipimwa mara 8,000 kwa sekunde, na baadaye mara 16,000. Kwa kuwa mitetemo iwezayo kushikwa haizidi nusu ya vipimo, mwendo wa kwanza hauwezi kupita 4,000, ambao karibu ni ule mpaka wa waya za simu za zamani. Hivyo mtu wa karne ya 21, mwenye chombo cha bei kubwa sikioni, aweza kuinasa "s" vibaya kama alivyofanya mwenye simu ya mkaa. Sahani ya CD, iliyoanza kuuzwa mwaka 1982, ilipima sauti mara 44,100 kwa sekunde, na kipimo hicho chatosha kabisa kwa matamshi ya binadamu.

VI. Somo la mwaka 2020

Shirika la Afya Duniani lilipotangaza tarehe 11 Machi 2020 kwamba UVIKO-19 umekuwa janga la dunia, safari za uchunguzi zilisimama. Wachunguzi wa lugha wakabaki nyumbani, na wasemaji wakabaki kwao. Kilichokuwa kati yao kilikuwa kompyuta ya mpakato au simu. Mwaka 2021 Chelsea Sanker na wenzake walichapisha katika jarida la Language matokeo ya kulinganisha vyombo na programu mbalimbali, wakaonyesha kwamba chombo na programu hubadilisha vipimo vya sauti, na kwamba mabadiliko hayo hayalingani kwa kila chombo wala kwa kila sauti.

Sababu moja ya mambo hayo ni kwamba programu za mazungumzo hazikufanywa kwa ajili ya uchunguzi. Zimefunzwa kufuta makelele, na kwa programu sauti isiyo na mlio wa koo yaweza kudhaniwa kuwa makelele. Mpumuo nao hauna mlio wa koo. Pumzi ya tembo mnyama yaweza kuhesabiwa pamoja na pumzi ya feni, ikafutwa. Programu hizo pia hupandisha sauti msemaji anyamazapo na kuishusha asemapo kwa nguvu, hivyo mtu hawezi tena kulinganisha silabi yenye mkazo na isiyo na mkazo. Kisha huibana sauti ili ipite upesi katika intaneti. Kwa ajili hiyo njia iliyo salama zaidi ni kila msemaji kunasa kwa chombo chake mwenyewe, kwa hedifoni yenye waya, katika faili isiyobanwa, kisha kuipeleka baadaye. Mazungumzo ya intaneti yawe ya kuongozana tu.

Jambo hili halikuisha pamoja na janga. Mradi wa Common Voice ulioanzishwa na Mozilla mwaka 2017 hukusanya sauti za watu wa kujitolea wanaosoma sentensi mbele ya vyombo vyao wenyewe, na Kiswahili ni miongoni mwa lugha zake. Sauti za namna hiyo hutumika kufundisha mashine kusikia. Ikiwa wasemaji wa Kiamu na Kimvita watasikika kwa maikrofoni zilizo mbali na vinywa vyao, zenye mwangwi na zilizofutwa pumzi, mashine zitajifunza kwamba "tembo" ni neno moja tu. Hapo tahajia iliyonyamaza itakuwa imepata mwenzake: sikio lililofundishwa kutosikia. Na kijana wa Lamu atakayesahihishwa na mashine hiyo hatakuwa na hoja ya kuijibu ila kinywa cha bibi yake, kama yungali hai.

VII. Hitimisho

Historia hii yaonyesha kwamba kila hatua ya maikrofoni ilitokana na haja ya watu wengine, si ya wachunguzi wa lugha. Simu ilitaka kufahamiana, santuri ilitaka muziki, ndege ilitaka amri zisikike, ofisi ilitaka mikono iwe huru. Mchunguzi wa lugha ameokota katika njia hiyo vitu vilivyomfaa, na pengine ameokota pamoja navyo makusudi ya wenyewe bila kujua. Hedifoni yenye maikrofoni ni mojawapo ya vile vilivyomfaa sana, kwa kuwa ni ya bei ndogo, inachukulika mfukoni, na inadumisha umbali. Lakini haifanyi kazi hiyo yenyewe. Ncha yake iwekwe kando ya pembe ya kinywa, sentimita mbili au tatu, wala si mbele ya midomo. Kwa kuwa pumzi ya "p" yenye mpumuo ikiupiga utando moja kwa moja, husikika kama mshindo wa ngoma, na kile kilichotafutwa kikawa ndicho kilichoharibu kazi. Chaja iondolewe, vifuta makelele vya kompyuta vizimwe, na mkwaruzo wa ukucha usisahauliwe.

Lililobaki ni daftari. Mitungi ya nta ya mwanzo wa karne ya 20 yaweza kuhukumiwa kwa haki leo kwa sababu yajulikana kwamba ilinaswa kwa baragumu, na baragumu lajulikana mipaka yake. Faili nyingi za kompyuta zina tarehe na jina la msemaji, lakini hazisemi ni maikrofoni gani iliyotumika, ilikuwa umbali gani na kinywa, na programu gani iliipitisha sauti. Tangu Kamati ya Lugha ya Afrika Mashariki ilipoanza kazi mwaka 1930, hata kazi hiyo ilipofika Dar es Salaam mwaka 1964 kwa kuundwa Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili, mambo mengi ya lahaja yameokolewa kwa kuwa mtu fulani aliandika mahali, siku na msemaji. Mistari miwili zaidi haitamchosha mtu. Waswahili walikwisha kusema kwamba mali bila daftari hupotea bila habari. Na sauti ya mtu aliyeondoka ni mali isiyoweza kununuliwa mara ya pili.